Sekunde Kumi na Moja za Mama Masanja

Siku ya chai ya kuniaga, nyie vijana wa chumba cha ufundi mliniomba niandike niliyoyaona kazini. Vyeo sitaviandika. Vipo kwenye jalada langu kwa katibu muhtasi, na karibu vyote nilivipata kwa sababu kuna mtu alihama. Nitaandika kazi, na zaidi nitaandika habari ya faili moja, kwa kuwa kila mgeni aliyeingia chumba chetu alisikia kipande tu cha habari hiyo, tena kimepotoshwa.

Nilianzia Iringa, kwenye studio ndogo ya kurekodi kwaya, chumba kilichotundikwa magunia ya katani ukutani ili kuua mwangwi. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Nilipokanyaga sakafu ya mbao, kwaya moja ya Walutheri ilikuwa kwenye ubeti wa mwisho, na kila hatua yangu iliingia kwenye rekodi. Fundi mkuu, Mzee Gaudence, hakunigombeza. Alisimamisha kwaya, akatoka, akarudi na kandambili zake mwenyewe, akaziweka mbele ya miguu yangu.

"Anza na hizi, binti," alisema. "Wao wataimba tena."

Mzee Gaudence alikuwa Mhehe mrefu, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mwenye sweta la kijani alilolivaa hata mwezi wa Novemba. Kompyuta zilipokuja, sisi wengine tulijifunza kubonyeza. Yeye alitaka kujua ndani mna nini. Alikuwa na kitabu cha C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kilichotolewa fotokopi, kurasa nyingine zimepinda hadi mstari wa mwisho hausomeki, na mistari hiyo aliijaza mwenyewe kwa kalamu baada ya kujaribu kila namna mpaka programu ikubali.

"Kubonyeza kila mtu atajua," aliniambia. "Siku chombo kikigoma ndipo watakuja kukutafuta wewe."

Alinifundisha kwa kutumia faili la sauti isiyobanwa, lile tunaloliita WAV, kwa sababu halifichi kitu. Mwanzoni lina kichwa, mara nyingi baiti, yaani vijisehemu vya data, arobaini na nne. Zinatangulia herufi R, I, F, F, unafuata urefu wa faili, halafu neno WAVE, halafu maelezo: njia za sauti ni ngapi, sampuli, yaani vipimo vya sauti, ni ngapi kwa sekunde, kila sampuli ina biti ngapi. Mwisho linakuja neno data na idadi ya baiti zinazofuata. Baada ya hapo ni namba tupu, moja nyuma ya nyingine, kila moja ikisema hewa ilisukuma kipaza sauti kwa nguvu gani wakati huo. Unafungua faili kwa amri ya fopen, unasoma kwa fread, unafunga. Basi.

Hiyo "basi" ilinichukua wiki tano. Kila namba ina baiti mbili na ndogo hutangulia. Mimi nilizisoma kinyume, nikarusha kwenye spika mngurumo uliomfanya mlinzi aje kuuliza kama kuna ajali barabarani. Nilipopatia, nilichapisha namba hizo kama mistari ya nyota kwenye karatasi. Nikaona neno "Amina" la padri mmoja limesimama kama vilima vitatu, cha katikati kirefu kuliko vyote. Mzee Gaudence aliitazama ile karatasi kwa muda, akaikunja, akaitia mfukoni. Nilijua nimefaulu.

Miaka ikaenda, nikahamia Mbeya, kwenye redio ndogo ya wakulima na wafugaji jirani na Uyole. Kazi yangu ilikuwa kurekodi nje ya studio na kutunza mafaili. Tulikuwa na kinasa sauti kimoja kizuri cha mkononi, kikubwa kama tofali, chenye tabia moja mbaya: kiliandika urefu wa rekodi kwenye kichwa cha faili pale tu ulipobonyeza kitufe cha kuzima. Betri ikiisha kabla, sauti yote ipo, lakini kichwa kinasema sifuri. Kompyuta hukiamini kichwa. Inakwambia faili halina kitu.

Kwa kinasa hicho nilikwenda uwanda wa Usangu, mbele ya Chimala, kumrekodi mama mmoja Msukuma. Watu walimwita Mama Masanja. Familia yake ilishuka na ng'ombe kutoka kaskazini miaka mingi nyuma, ikajenga zizi pembeni ya mashamba ya mpunga, na kipindi chetu kilitaka mtu anayeweza kueleza namna mifugo na mpunga vinavyoweza kukaa jirani bila watu kushikiana fimbo. Alieleza vizuri kuliko mabwana shamba wote niliowahi kuwashikia kipaza sauti. Tulipomaliza, akaniuliza:

"Hii redio yenu inafika wapi?"

"Siku nzuri inafika hadi Makambako, mama."

"Basi niache niseme na mwanangu. Aliondoka kwa hasira. Sijui yuko wapi, lakini popote alipo, redio anasikiliza."

Nikamsogezea kipaza sauti. Akasema kwa Kisukuma, labda dakika mbili, labda tatu. Mimi ni Mnyakyusa. Kisukuma sijui hata salamu. Nilimwangalia tu mdomo na kuitikia kwa kichwa kama mjinga. Binti yake, Kabula, alikuwa shambani. Hapakuwa na mtu mwingine. Alipomaliza nikatazama chini, nikaona ile taa nyekundu ya kinasa imezimika. Imezimika saa ngapi, sikujua. Nikaona haya kumwambia mama wa umri ule arudie maneno ya namna ile. Nikamshukuru, nikaondoka.

Ofisini kompyuta ikasema: sifuri. Mtangazaji alikuwa na haraka, akaweka mgeni mwingine. Mimi nilijua fika kwamba sauti imo, maana faili lilikuwa zito, na nilijua la kufanya, kwa kuwa Mzee Gaudence alishanifundisha. Nikaliweka kwenye folda niliyoiita Mbovu, nikafuta kadi ya memori ili itumike kesho yake, nikajiambia nitalitengeneza wiki ijayo.

Zikapita masika mbili.

Nawaomba msome hapo tena. Hapakuwa na hujuma wala hitilafu. Kulikuwa na mwanamke mzima aliyejua kazi yake na aliyekuwa akisema wiki ijayo.

Asubuhi moja Kabula akaja ofisini, amejifunga khanga mbili, vumbi la barabara miguuni. Sikumkumbuka. Akajitambulisha, kisha akasema, "Mama alifariki, tumeshamaliza matanga. Kaka yangu Masanja amerudi. Alisikia msiba kwa madereva wa malori."

Nikampa pole, nikamwekea kiti.

"Kaka anasema mama alikufa amemkasirikia," aliendelea. "Hali chakula. Mimi namwambia mama alikusamehe, alisema na wewe redioni, mwenyewe aliniambia; anasema nadanganya ili nimtulize. Anasema kama alisema redioni, mbona yeye hakusikia? Kila siku alikuwa anasikiliza redio hii hii."

"Alikuwa wapi?"

"Hapa Uyole, mama. Anapakia viazi sokoni."

Kutoka mezani kwangu hadi soko la Uyole ni dakika kumi kwa miguu. Kwenye kibanda cha chai cha wapakiaji redio yetu ililia kutwa nzima. Mimi mwenyewe niliwahi kunywa chai pale. Nikamwambia Kabula arudi baada ya siku mbili, atalikuta faili tayari. Nilimwambia kwa uhakika kabisa.

Siku hiyo hiyo nikaandika programu. Sehemu ya kusoma ilikwenda safi: ikaruka kichwa cha uongo, ikahesabu sampuli, ikanionyesha kwamba kuna dakika kumi na tisa za sauti. Ilibaki kuandika faili jipya lenye kichwa cha kweli. Katika C, ukifungua faili kwa "rb" unasoma. Ukifungua kwa "wb" unaandika, na kama faili lipo tayari, linafutwa lote papo hapo kabla hujaandika hata baiti moja, bila kukuuliza. Nilinakili mstari wangu wa kufungulia, nikabadilisha r kuwa w, nikasahau kubadilisha jina la faili. Nikaendesha.

Programu ikajibu: sampuli 0.

Nikalitazama lile faili la asili kwenye folda. Nalo lilikuwa sifuri, na safari hii ilikuwa sifuri ya kweli.

Kosa la kwanza ni hilo, na nimeshawasamehe wengi wenu kwa makosa ya aina hiyo. La pili ndilo linaloniuma. Baiti za faili lililofutwa hubaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Nilijua. Lakini kompyuta ile ile ndiyo iliyokuwa ikihifadhi matangazo yetu ya siku, kila tunachorusha kinaandikwa humo, dakika kwa dakika. Nilitakiwa niizime na kumwambia meneja. Badala yake nilikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, penye tanki la maji. Nililia, nikanawa uso, nikarudi, nikajifanya natafuta waya. Muda wa saa tatu sikumwambia mtu, kwa sababu ya aibu. Na muda huo wote kwaya, bei za mahindi na tangazo la sabuni vilikuwa vinaandikwa juu ya sauti ya Mama Masanja.

Hatimaye nikampigia simu Mzee Gaudence. Alikuwa amestaafu zamani, yuko kwake Iringa na nyuki wake. Nilipoanza kueleza alinikata.

"Kompyuta imewaka?"

"Imewaka, mzee."

"Zima. Chomoa kwenye umeme. Mengine utaniambia nikifika."

Akaja na basi la asubuhi, anakohoa, sweta lile lile. Meneja alikuwa ameshaambiwa. Alitupatia chumba. Tukanakili diski nzima kwenye diski nyingine ili tusiiguse ya kwanza, kisha tukaandika programu isiyojali majina ya mafaili. Iliifungua diski yote kama faili moja refu, kwa kusoma tu. Mzee alinifanya nitamke kwa sauti herufi ya kufungulia kabla sijabonyeza.

"R, b," nilisema. "R ya kusoma."

"Haya."

Sauti isiyobanwa ina jambo moja jema, nalo ndilo lililotupa matumaini. Haihitaji kichwa wala mwanzo. Ukipata kipande chochote cha katikati, kinasikika. Na hewa hairuki ghafla, kwa hiyo namba zinazokaa jirani hufanana. Programu yetu ilitafuta mahali penye namba zinazofanana hivyo, kisha sisi tukavaa hedifoni na kusikiliza kipande kimoja kimoja. Tulipata kwaya. Tukapata sabuni. Siku ya pili tukapata kelele kama mvua juu ya bati, na mimi nikataka kuipita.

"Ngoja," Mzee alisema. "Sogeza baiti moja."

Nikasogeza baiti moja. Mvua ikakatika, na mama mmoja akasema masikioni mwangu, kwa Kiswahili chake cha taratibu, kwamba ng'ombe akishazoea njia moja huna haja ya kumpiga.

Nilivua hedifoni nikampa Mzee, kwa sababu sikuweza kuendelea. Akasikiliza amefumba macho. Mkono wake ulitafuta meza, ukaikuta, ukatulia.

Kabula aliporudi siku ya miadi nilimwambia tu asubiri, nitakwenda mwenyewe Chimala. Kwa siku nne tulipata vipande vitatu. Viwili vilikuwa vya mahojiano. Cha tatu kilikuwa cha Kisukuma, kinaanza na jina la Masanja, kina sekunde kumi na moja. Kinakatika katikati ya neno, na baada yake ni bei za mahindi. Tulitafuta tena diski yote, mara mbili. Hapakuwa na zaidi.

"Chimala utakwenda peke yako," Mzee Gaudence aliniambia tulipokuwa tunasubiri basi lake. "Na usiende kusema kompyuta imeharibu."

Nilikwenda na kompyuta ya mapajani na spika ndogo. Nyumba ilikuwa imefagiliwa kama panapotarajiwa mgeni wa heshima, na hilo lilinitia uchungu kabla sijaketi. Masanja alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mabega mapana ya mpakiaji, macho yameingia ndani. Alinisalimia shikamoo bila kunitazama. Niliwaambia yote kwa mpangilio: taa nyekundu, folda, masika mbili, herufi, saa tatu nilizoficha. Kabula alishika mdomo. Masanja aliuliza jambo moja tu.

"Ulikuwa unajua kulitengeneza tangu mwanzo?"

"Nilikuwa najua."

"Haya. Weka tusikie."

Nikaweka. Mama yao akasema sekunde zake kumi na moja, zikakatika. Nje kuku alikuwa akilia. Nikaomba Kabula aniambie amesema nini, kwa maana mimi nilikuwa nimezisikia mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani na nilikuwa sijaelewa hata neno.

"Anasema, Masanja, mimi mama yako. Anasema, yule ndama wako tuliyedhani atakufa, hakufa. Anasema, sasa hivi ana..." Kabula akatazama spika. "Basi. Ana, halafu hakuna."

"Ana nini?" Masanja aliuliza.

"Sijui, kaka. Ana mimba. Ana maziwa."

"Atakuwa ana ndama. Mama asingetaja maziwa kabla ya ndama." Kidogo atabasamu, kisha uso ukamkunjika. Akanigeukia. "Lakini ulikuwepo. Ulimshikia kipaza sauti. Alinisamehe?"

Hapo ndipo pagumu kuliko pote katika kazi yangu. Neno moja lingetosha. Ndiyo, mwanangu, alikusamehe. Angekula siku ile ile. Kabula alikuwa ananitazama, naye alitaka niliseme. Lakini nilikuwa nimeshawanyang'anya maneno ya mama yao, na sasa nilikuwa natakiwa niwawekee ya kwangu mahali pake.

"Sijui," nilisema. "Sikuelewa alichosema. Ninachojua ni nilichokiona. Alianza amekaa wima kama anazungumza na mkubwa. Katikati akacheka, mara moja, mwenyewe. Mwishoni alikuwa ameinama kwenye kile kipaza sauti, karibu kukigusa kwa mdomo, na alikuwa anaongea polepole sana. Alipomaliza alifuta uso kwa khanga. Hayo niliyaona kwa macho yangu."

Masanja aliinamisha kichwa. Alilia bila sauti, mabega tu yakitikisika, na Kabula akaenda kukaa karibu naye. Nilikaa pale pale kwenye kigoda. Sikujua kama nina haki ya kulia kwenye nyumba ile.

Baada ya muda nikamwambia nitamwekea sauti ile kwenye simu yake, na kwamba pale mwisho nitapunguza taratibu ili isikatike kwa ghafla, maana ndivyo tunavyofanya kazini.

"Usiguse," alisema. "Iache inavyokatika."

Sikugusa. Kabula alinisindikiza hadi barabarani, akanibebea mfuko wa spika. Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza. Aliniambia tu kwamba kaka yake ameomba uji.

Mzee Gaudence alifariki kipupwe kilichofuata. Nilikwenda Iringa kumzika. Mjane wake akaniuliza kama kule studio tulikuwa na sauti ya mzee mahali popote, wajukuu wangependa. Nilitafuta kwenye kanda na mafaili ya miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Nilipata mamia ya kwaya. Yeye siku zote alikuwa upande wa pili wa kioo, kwenye mitambo.

Nyie mliokuja baadaye mmezoea kunicheka kwa sababu programu zangu hukataa kuandika juu ya faili lililopo, na kwa sababu kila Ijumaa niliwalazimisha tufungue folda ya mabovu na tusiondoke mpaka iwe tupu. Sasa mnajua. Endeleeni kucheka, lakini Ijumaa ifungueni.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilipita soko la Uyole kununua viazi, nikamkuta Masanja. Amerudi kwenye kazi yake, amenenepa kidogo. Alinisalimia vizuri, akanichagulia viazi mwenyewe, akaninyang'anya mfuko ili anibebee. Njiani nikajikaza nikamwuliza kama bado anaisikiliza ile sauti.

"Nimeacha, mama."

"Imeharibika? Nina nakala, nitakuwekea nyingine."

"Haijaharibika." Alihamishia mfuko bega la pili. "Mwanzoni nilikuwa naisikiliza kila asubuhi. Halafu nikaona kila nikimkumbuka mama, anasema yale yale tu. Masanja, mimi mama yako, ndama hakufa. Mengine yote aliyoniambia tangu niko mdogo yakawa hayaji. Kuniita nikale, kunigombeza, hayaji. Ndiyo nikaacha, ili yarudi."

"Yamerudi?"

Alifikiri kwanza.

"Kunigombeza kumerudi," alisema, akaniwekea mfuko juu ya bodaboda, akaufunga vizuri kwa mpira, akarudi kupakia.